Ada imelipwa, mbona hawamalizi? Kisa cha ASAP kule New York

Mwanafunzi maskini akiacha chuo wote tunakimbilia jibu moja, kakosa ada. Basi, kwisha habari. Leo nataka tukae na kisa kimoja cha New York kinacholivuruga hilo jibu kabisa, maana kule kulikuwa na wanafunzi wa kipato cha chini ambao wengi wao ada ilishalipwa na ruzuku, na bado ukiwafuatilia kwa miaka mitatu kwenye masomo ambayo kwa ratiba ni ya miaka miwili, unakuta aliyemaliza ni kama mmoja kati ya watano. Ada ipo, mwalimu yupo, jengo lipo, watu hawamalizi. Alafu ikaja programu moja inaitwa ASAP (kirefu chake Accelerated Study in Associate Programs), idadi ya wanaomaliza ikakaribia mara mbili, na ukiangalia ilichofanya huoni kitu cha ajabu hata kimoja. Ni nauli, vitabu, ratiba, na mtu anayekujua kwa jina.

Kwanza tujue tunaongelea vyuo gani. Ni vyuo vya jamii, ndugu zetu walioko Marekani wanasema tu komyuniti koleji. Kama una ndugu kule, Mkongo aliyetokea kambini Nyarugusu au Mkenya aliyebahatika kupata grinikadi, uwezekano ni mkubwa kwamba kapita humo au anapita sasa hivi, usiku yuko kazini analea wazee, asubuhi yuko darasani anatafuta unesi. Ni vyuo vya karibu na nyumbani, havina mchujo mkali wa kuingia, ada yake ni ndogo kuliko ya vyuo vikuu vya miaka minne, na unatoka na shahada ya miaka miwili ambayo inaweza kukupa kazi au ukahamia nayo chuo kikuu.

Joliet Junior College ya Illinois, iliyoanza 1901, ndiyo inahesabiwa kuwa kongwe kati ya vile vya serikali. Mwanzoni kazi yao ilikuwa rahisi kuieleza, kijana asome miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama kwao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wakarudi, sheria ya 1944 ikawalipia masomo, na 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ikasema vyuo vya namna hii visambazwe nchi nzima karibu na watu na bila ada. Tangu hapo wimbo ukawa mmoja, milango iko wazi, karibuni wote. Na kwa kweli waliingia wengi. Ila kuingia ndiko kulikohesabiwa, kumaliza hakuna aliyekuwa anakuulizia sana.

New York kuna historia yake na haipendezi yote. Chuo Kikuu cha Jiji la New York, CUNY, chenye vyuo vingi ndani yake vikiwemo vya jamii, kina mizizi ya mwaka 1847 na kwa zaidi ya karne wanafunzi wake wa kawaida wa kutwa walikuwa hawalipi ada. Mwaka 1969 wanafunzi weusi na Wapuertoriko waliteka majengo ya City College pale Harlem wakidai watoto wa mitaa yao nao waingie, na 1970 CUNY ikafungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari jijini. Miaka sita baadaye, 1976, jiji limekaribia kufilisika, ada ikaanza kutozwa. Yani bure ilidumu zaidi ya miaka mia moja wakati wanaosoma wengi wao si watoto wa maskini weusi, hao walipoanza tu kuingia kwa wingi bure ikaisha. Hilo mimi linaniuma kila nikilisoma.

Kilichookoa ni ruzuku. Kuna ya serikali kuu iliyoanzishwa na sheria ya 1972, leo inaitwa Pell, na kuna ya jimbo la New York inaitwa TAP, na zote mbili ni ruzuku, si mkopo, hazirudishwi. Chukua mahesabu ya karibuni, ada ya mwaka kwa mkazi kwenye vyuo vya jamii vya CUNY ni dola 4,800, Pell ya juu kabisa kwa mwaka wa masomo 2024/25 ilikuwa dola 7,395. Kwa hiyo aliye maskini kabisa ada inafutika na chenji inabaki. Ndio maana nasema hiki kisa ni kizuri kwa sababu kinamtoa ada kwenye kesi na kutuachia washtakiwa wengine.

Na washtakiwa wengine ni wengi. Kingsborough, mojawapo ya vyuo vyenyewe, kiko ufukweni kabisa mwisho wa Brooklyn, treni haifiki, unashuka stesheni unapanda basi. LaGuardia kiko Queens kwenye majengo yaliyokuwa ya viwanda, wanafunzi wake wanatoka nchi zaidi ya mia. Borough of Manhattan, wanaita BMCC, kiko kusini mwa Manhattan ambako kodi ya chumba mwanafunzi maskini haigusi, kwa hiyo anakaa mbali na anasafiri. Kadi ya treni na basi ya mwezi mzima tangu mwisho wa mwaka 2010 ilikuwa dola 104. Sasa mtu anafanya kazi dukani kwa saa chache kwa wiki, kuna mama anamtegemea, dola 104 kila mwezi ni vita. Kitabu kimoja cha kiada kinaweza kuzidi dola 100, na mwanafunzi anakisubiria mpaka chenji ya ruzuku itoke, ikitoka wiki ya nne au ya tano mtihani wa kwanza umeshapita. Kuna fomu ya kuomba ruzuku inajazwa upya kila mwaka, ukikosea sehemu ndogo hela inakaa. Kuna ratiba, kozi moja saa mbili asubuhi, nyingine saa kumi jioni, katikati umekwama chuoni na bosi anataka uje kazini saa saba.

Alafu kuna lile la kozi za kujazia. Ulikuwa ukifika, unapewa mtihani wa hesabu, kusoma na kuandika, ukianguka unapelekwa kwenye madarasa ya kujazia msingi, unayalipia, yanakula ruzuku yako, na hayahesabiki kwenye shahada. Watu walikuwa wanaiogopa hesabu, wanaisogeza mbele semista hadi semista, mwisho wa siku mtu ana krediti (pointi za kozi alizofaulu) nyingi za kozi nyingine ila hawezi kumaliza kwa sababu ya hesabu ya mwaka wa kwanza. Anachoka. Anaondoka kimyakimya, hakuna barua ya kumfukuza, hajadisco kwa kufeli, semista inayofuata hajajisajili tu. Na hakuna anayempigia simu.

Hapo ndipo ASAP inaingia. Mwaka 2007 ofisi ya Meya Michael Bloomberg iliyokuwa inashughulika na umaskini iliweka hela, CUNY chini ya Matthew Goldstein ikaunda programu kwenye vyuo vyake vyote sita vya jamii vilivyokuwepo wakati huo, wakaanza na wanafunzi 1,132. Lengo walilojiwekea lilikuwa angalau nusu wamalize ndani ya miaka mitatu. Kwa vyuo vya jamii vya mijini wakati ule lengo hilo lilikuwa linaonekana ni ndoto. Kundi la kwanza likalivuka, wakamaliza asilimia 55, wakati wanafunzi wanaofanana nao wa nje ya programu walikuwa kama robo.

Sasa walifanya nini hasa. Nitaanza na nauli maana kwangu hiyo ndiyo sehemu ya akili nyingi zaidi. Mwanafunzi wa ASAP alipewa kadi ya usafiri ya mwezi, MetroCard, bure, lakini haitumwi nyumbani wala haipakiwi kwenye akaunti moja kwa moja, unaipata ukiwa umetimiza masharti ya mwezi huo, umekutana na mshauri wako, na kama ulitakiwa kwenda kwenye masomo ya ziada umeenda. Kwa hiyo nauli inafanya kazi mbili kwa mpigo. Inamtoa mtu nyumbani mpaka chuoni, na inamleta mlangoni kwa mshauri hata ule mwezi ambao hataki kuonana na mtu. Na mwezi ambao mwanafunzi hataki kuonana na mtu ndio mwezi wa hatari, mnaojua wanafunzi mnajua, anayefeli ndiye anayejificha.

Mshauri sasa. Kwenye ASAP mshauri mmoja alikuwa na wanafunzi 60 mpaka 80. Kwenye vyuo hivyohivyo, mwanafunzi wa kawaida alikuwa anashea mshauri mmoja na wenzake 600 mpaka 1,500. Rudia kusoma hizo namba. Mtu mwenye wanafunzi 1,500 anagonga muhuri tu, hawezi kushauri, na wala simlaumu. Wa ASAP semista ya kwanza lazima aonane na kila mwanafunzi wake mara mbili kwa mwezi, baadaye anawagawa, anayeyumba aje mara nyingi, anayejiweza aachiwe apumue. Waliohojiwa kwenye utafiti walisema mwaka wa kwanza walionana na mshauri wastani wa mara 38, wenzao wa nje mara 6. Mara 38 huwezi kuongea kozi tu. Mtaongea baba kafukuzwa kazi, mtaongea mtoto anaumwa, mtaongea ile fomu iliyokwama. Na mshauri huyo anaijua ofisi gani inatatua nini, anainua simu.

Vitabu walipewa, kwa vocha ya duka la vitabu. Ile tofauti ndogo ya ada iliyobaki baada ya ruzuku programu ikaifuta, ila hao wenye tofauti walikuwa wachache, wengi walikuwa hawadaiwi kitu, ndio nirudie palepale kwamba ada haikuwa mchawi. Ratiba ya mwaka wa kwanza ikabanwa, kozi zinafuatana, mtu anamaliza mchana anaenda kazini. Kozi za kujazia zikawekwa mwanzoni kabisa, hakuna kukimbia hesabu. Kulikuwa na semina ya jinsi ya kuishi chuoni, mtu wa ajira, na masomo ya kipindi cha baridi na kiangazi ili aliyeachwa nyuma ajazie.

Na sharti moja gumu, lazima usome fultaimu, angalau krediti 12 kila semista. Hapa wengi wanashtuka, maskini anafanya kazi utamlazimishaje fultaimu? Hoja yao ilikuwa kwamba maisha ya maskini yana matukio, na kadiri masomo yanavyokaa miaka mingi ndivyo yanavyokutana na matukio mengi zaidi, mimba, ugonjwa, kufukuzwa nyumba, mtu kufungwa. Ukimaliza haraka umekutana na machache. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu, nitarudi hapo.

Sasa mtu anaweza kusema, ah, hao waliojiunga walikuwa na bidii zao tangu mwanzo, wangemaliza tu. Swali la haki kabisa. Na ndicho kinachokifanya hiki kisa kiwe na nguvu, kwa sababu mwaka 2010 taasisi ya utafiti ya MDRC ilikuja ikafanya kura. Walichukuliwa wanafunzi 896 kutoka BMCC, Kingsborough na LaGuardia, wote wa kipato cha chini, wote wanahitaji kozi moja au mbili za kujazia, wote wako tayari kusoma fultaimu, wote wameomba. Kura ikaamua nani anaingia ASAP na nani anabaki na huduma za kawaida. Bidii ileile, umaskini uleule, bahati tu imewatenganisha. Baada ya miaka mitatu waliomaliza kwenye ASAP ni asilimia 40.1, waliobaki nje asilimia 21.8. Waliohamia chuo cha miaka minne asilimia 25 dhidi ya 17. Kwenye tafiti za elimu tofauti ya namna hii kwa kweli ni nadra sana, programu nyingi zikipimwa kwa kura zinaonyesha kitu kidogo au hakuna kitu.

Fikiria upande wa aliyekosa kura. Anasoma jengo hilohilo, walimu walewale, mtihani uleule. Sisemi hivi kuwalaumu waliofanya utafiti, nafasi zilikuwa chache kuliko waombaji na kura ni haki kuliko kujuana. Ila inaonyesha kwamba kufeli kwake hakukuwa kichwani mwake.

Twende kwenye hela, maana hapa ndipo viongozi wanapokunja uso. Kwa miaka mitatu, mwanafunzi wa ASAP aligharimu kama dola 16,300 zaidi ya mwenzake wa kawaida, ni nyongeza ya asilimia 63, siyo mchezo. Ukisimama hapo unasema haiwezekani. Lakini fanya hesabu mpaka mwisho. Mwanafunzi wa kawaida aligharimu karibu dola 25,800, na katika mia wakamaliza 22, kwa hiyo hela yote uliyotumia kwa wale mia ukiigawa kwa waliomaliza kila shahada imekugharimu kama dola 118,000. Wa ASAP aligharimu kama dola 42,000, wakamaliza 40 katika mia, kila shahada kama dola 105,000. Unatumia zaidi kwa kila anayeingia, unatumia pungufu kwa kila anayetoka na cheti, pungufu kwa zaidi ya asilimia 11. Vyuo vinavyojivunia tu idadi ya walioandikishwa vinajaza maji kwenye pipa linalovuja, na maji yenyewe yanalipiwa.

Shida ni kwamba hiyo nafuu haiingii kwenye akaunti ya chuo. Chuo kikifadhiliwa kwa kuhesabu vichwa vilivyoandikishwa, mwanafunzi akiondoka unaandikisha mwingine, kiti kimejaa, bajeti iko palepale. Mkuu wa chuo anayetaka kuajiri washauri 20 anaona gharama leo, faida inaenda kwa mwanafunzi, kwa mwajiri, kwa serikali ya miaka kumi ijayo. Kwa hiyo bila mtu wa juu kuamua, haitokei. New York ilitokea kwa sababu jiji liliendelea kuweka hela, na Meya Bill de Blasio aliyefuata akaahidi kuipanua ifikie wanafunzi 25,000, huku Bronx Community College, chuo kilichoko Bronx, wilaya maskini kuliko zote jijini, kikipangiwa ASAP iwe ya karibu kila mwanafunzi anayeanza fultaimu. Yani kutoka programu ya wachache mpaka kuwa ndio namna chuo kinavyoendeshwa. Hilo kwangu ndilo badiliko lenyewe la kazi ya hivi vyuo, kutoka kumfungulia mtu mlango mpaka kuwajibika kama akipotelea ndani.

Ohio nao wakajaribu, na hapa wenye wasiwasi waliokuwa wanasema New York ni New York walipata jibu lao. Vyuo vitatu, Cincinnati State, Cuyahoga na Lorain County, wakisaidiwa na CUNY na kupimwa tena na MDRC kwa kura, wanafunzi kama 1,500. Ohio hakuna treni za chini ya ardhi za kumpeleka mtu chuo, watu wana magari mabovu au wanasubiri basi, kwa hiyo badala ya MetroCard walitoa kila mwezi kadi ya dola 50 ya kununulia mafuta ya gari au chakula, kwa masharti yaleyale ya kuonana na mshauri. Baada ya miaka mitatu asilimia 35 walimaliza dhidi ya 19. Na ilipotimia miaka sita tangu waanze, waliokuwa kwenye programu walikuwa na kipato kikubwa kuliko wenzao kwa kama asilimia 11. Ohio pia serikali ya jimbo inavilipa vyuo kwa kuangalia kozi na vyeti vilivyokamilika badala ya vichwa, kwa hiyo mwanafunzi akimaliza chuo nacho kinapata. Lorain wakaendelea nayo kwa jina lao, SAIL.

Sasa yasiyonikalia vizuri. La kwanza ni hilo la fultaimu. Kwenye vyuo vya jamii vya Marekani walio wengi wanasoma patitaimu, na wengi wao hawajachagua kwa kupenda. Mama wa watoto wawili anayefanya shifti ya usiku hospitalini, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwanafunzi halisi wa vyuo hivi, ASAP haimchukui, na huyo akiwa ni dada yetu kutoka Bukavu anayejifunza na Kiingereza hapohapo, ndio kabisa. Naelewa hoja ya kumaliza haraka lakini programu inayosema inawabeba maskini halafu inaanza na sharti ambalo maskini wa chini kabisa halimudu, hilo pengo lisifunikwe na namba nzuri. Ningependa kuona mshauri wa wanafunzi 80 akipewa watu wa patitaimu, na kadi ya nauli, tuone.

La pili, ukifuata lile kundi la kura la New York mpaka miaka sita, ASAP wamefika asilimia 51 na wa nje asilimia 41. Pengo limepungua kutoka 18 mpaka 10. Wapo wanaosema basi programu inaharakisha tu. Mimi sioni hivyo, pointi kumi baada ya miaka sita ni watu waliomaliza ambao wenzao bado hawana cheti, na hata hao walioharakishwa, mwaka mmoja au miwili ya mshahara wa mtu mwenye shahada kwa familia ya chumba kimoja siyo kitu cha kusema tu. Lakini pia ni kweli kwamba karibu nusu bado hawakumaliza hata kwa msaada wote huo. Umaskini ni mzito kuliko programu.

La tatu ni dogo ila linanitia wasiwasi zaidi. Programu ilipokua, wanafunzi kwa mshauri mmoja wakaongezeka mpaka kufikia kama 150. Bado ni pazuri mno ukilinganisha na 1,500, na CUNY wanaonyesha waliomaliza wamebaki zaidi ya nusu. Ila najua jinsi bajeti inavyofanya kazi popote duniani, leo 150, kesho kutwa mtu atasema 250 inatosha, mwisho unabaki na jina la programu na mshauri wa kugonga muhuri.

Kuna mtu atauliza, katika yote hayo kipi hasa kilifanya kazi, nauli, vitabu au mshauri? Utafiti ulipima kifurushi kizima, haukupima kimojakimoja, kwa hiyo jibu la kisayansi halipo humo. Maoni yangu mimi, na nayasimamia, ni kwamba ukitenganisha unaharibu. Mshauri bila nauli anakaa ofisini anasubiri watu wasiokuja. Nauli bila mshauri inamfikisha mtu chuoni akae peke yake na tatizo lake. Matatizo ya maskini huja kwa mafungu, ukitatua moja yaliyobaki yanamuangusha palepale, na huko nyuma vyuo vilikuwa vinatatua moja moja, mwaka huu tutoe vitabu, mwaka kesho tutoe masomo ya ziada, kisha kila ripoti inasema msaada haukufanya kazi.

Huku kwetu Tanzania sisemi tuna vyuo sawasawa na hivyo, lakini ndugu wa karibu wapo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza 1975 kwa mfano wa Sweden, viko 54, vimesambaa mpaka wilayani, na leo vinachukua vijana na mabinti waliokatiza sekondari wanaotafuta ufundi. VETA nako hivyohivyo. Na somo la ada tumeshalipitia sisi wenyewe, sekondari mpaka kidato cha nne ada ilifutwa 2016, cha tano na sita 2022, jambo jema kabisa, ila mzazi yeyote anajua kilichobaki, sare, madaftari, chakula cha mchana, na nauli. Dar mtoto anasimama kituoni asubuhi konda anamkataa kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo, daladala la tatu ndio linambeba, anafika kipindi cha kwanza kimeisha. Vyuoni ni bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, limechelewa, mtu anaishi kwa mkate na chai, anaingia kwenye pepa hivyo, anapata sapu, yani mtihani wa marudio, sapu ikizidi anakeri, yani anabeba somo kulirudia mwaka mwingine, mwaka unaofuata humwoni. Kwenye rekodi inaandikwa matokeo yake tu. Ile wiki ya mkate na chai haiandikwi popote.

Kuleta ASAP nzima hapa kwa dola hizo haiwezekani na sipendekezi. Ila chuo kimoja cha wananchi chenye mabinti 100 kinaweza kumpa mwalimu mmoja mzuri kazi ya kuwafuatilia tu, apunguziwe vipindi, awe na daftari la majina na namba za simu, kila binti amwone mara mbili kwa mwezi, na akimwona anaondoka na nauli ya wiki mbili zinazofuata. Wafadhili wanaojenga madarasa wapo, tunawaona wakikata utepe. Waombwe walipie hicho kwa miaka mitatu, chuo kitoe takwimu ya waliomaliza badala ya walioandikishwa, na kama waombaji ni wengi kuliko nafasi basi kura ipigwe mbele ya watu, ndio tutajua kwa namba zetu wenyewe.

Na wewe mwenye mtoto chuo chochote, ukienda kwenye kikao cha wazazi uliza maswali mawili, walioingia miaka mitatu iliyopita wamemaliza wangapi, na mshauri mmoja hapa anahudumia wanafunzi wangapi. Wakikujibu la kwanza na wakakosa jibu la pili, usikae chini, endelea kuuliza.